Pikipiki Iliyokufa kwa Kiu

Habari hii nilipewa na Wilhelmina mwenyewe, mwaka uliofuata zile mvua za Elnino, siku tuliyokaa wawili nyuma ya nyumba yake Butimba tukimenya karanga za harusi ya mjukuu wangu. Nimeiweka kama alivyoisema. Ila pale aliponyamaza kwa kujistahi, pale nimesema mimi, maana wanawake wa namna yake hawajui kujisifu.

Mumewe, Nestory Luhaga, alikuwa dereva wa lori la pamba, na nikisema dereva nataka unielewe. Malori ya wenzake yalilala Magu, yakalala Maswa, yakalala kwenye matope ya Bariadi hadi kuku wakatagia ndani. La Nestory lilirudi. Kila alfajiri aliliwasha, akaliacha lingurume taratibu huku yeye ananawa uso na kunywa uji wake, ndipo apande. Injini iliyoamshwa kwa ghafla, alikuwa akisema, inafanya kazi kwa kinyongo. Madereva vijana walimcheka kwa hilo, kisha malori yao yakizima njiani walimsimamisha yeye.

Zama zikageuka. Pamba ikaanza kununuliwa na yeyote mwenye mizani na magunia, ushirika ukakonda, na madereva wakapunguzwa. Nestory akarudi nyumbani na kofia yake ya kazi, akaweka kiti mlangoni, akakaa. Akawa anasikiliza magari yanayopanda kuelekea Buhongwa na kuyataja kimoyomoyo: hili gia ya tatu inasumbua, hili breki zimekwisha. Alikula alichopewa. Akiulizwa jambo, alijibu. Lakini Wilhelmina aliniambia kuwa mwaka ule alikuwa kama mjane mwenye mume, na kwamba usiombe kuyaona macho ya mtu anayesikiliza magari asiyoyaendesha.

Ndipo wazungu fulani waliokuwa wakichunguza samaki ziwani walipofunga kazi yao na kunadi vyombo. Watu walikwenda kugombania majokofu na vitanda. Nestory alikwenda kutazama tu, akarudi ameshikwa na kitu. Kulikuwa na pikipiki ya maji, ya kukalia kama farasi, isiyo na magurudumu wala pangaboi la kuonekana, imekaa juu ya tela lake la chuma. Alieleza jinsi inavyovuta maji kwa mbele na kuyatema kwa nyuma, na alipokuwa anaeleza mikono yake ilikuwa inaendesha.

Wilhelmina alikuwa na ng'ombe wake, alioachiwa na baba yake ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Hawakuwa wa Nestory wala wa ukoo wa Nestory. Akawauza. Mtaa mzima ukaja kumpa pole kana kwamba kafiwa. Binti yao Gladness alisafiri kutoka Shinyanga kumwambia mama yake kwamba wenzake wananunua mashine za kusaga, yeye kanunua pikipiki ya kuogelea. Wilhelmina akamwandalia binti yake chakula, akamsindikiza stendi, basi.

Kazi ya ile pikipiki haikupangwa na mtu. Ng'ambo ya ghuba, upande wa Kamanga na vijiji vyake, hakukuwa na simu, na kivuko kilikwenda kwa saa zake. Mtu akifia mjini, ndugu zake wa kule walisikia tangazo la redio kama betri zipo, au walisikia kwa mpita njia, na mara nyingi walifika kaburi limeshafukiwa. Nestory akaanza kupeleka taarifa, na kurudi na yule anayehitajika zaidi, amempakia nyuma, amemfunga kiunoni kwa kanga kama mtoto mgongoni.

Mara ya kwanza alisema msiba akiwa bado majini, akipaza sauti kuishinda injini, na mama mmoja aliyekuwa anafua akaanguka kifudifudi ziwani. Tangu hapo akajiwekea utaratibu. Alizima injini akiwa bado mbali, akaiacha pikipiki isogee kwa mwendo uliobaki. Akavua kofia. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akakaa, ndipo akasema. Akiwa amebeba habari njema, mtoto kazaliwa, mgonjwa karuhusiwa, alikuja na mngurumo hadi mchangani. Kwa hiyo watu wa kule walijifunza kusikiliza. Sauti ile ikitokea ziwani majembe yalisimama, na kila mmoja akangoja aone kama itakatika njiani. Wakampa jina, Mwenye Kofia, na nyumba yoyote aliyoingia aliwekewa kiti kabla hajasema neno.

Kosa lake lilitokana na adabu yake ile ile. Alikuwa ameitunza pikipiki kama alivyolitunza lori. Kila asubuhi aliiwasha ikiwa juu ya tela, uani, ipate moto kidogo kabla ya kusukumwa majini. Kidogo kile hakikuonekana kuidhuru. Lakini ulikuwa mwaka wa magugu maji. Siku moja upepo uliyaleta yote upande wetu, ziwa likawa kijani kama shamba la mpunga, na Nestory alifika ufukoni na tela lake injini ikiwa tayari inanguruma. Akaambiwa asubiri, vijana wanafungua njia kwa mapanga. Akasubiri, na injini akaiacha ingurume taratibu, kama dereva yeyote anayesubiri geti lifunguliwe. Ukatoka moshi mweupe. Ikafuata sauti kama sufuria kavu iliyosahauliwa jikoni. Kisha kimya.

Wakaivuta hadi Mkuyuni kwa Mzee Shamshudin, aliyeuza vipuri vya kila aina na mbele ya duka lake akaweka fundi. Wilhelmina alikwenda pia, kwa sababu ng'ombe walikuwa wake. Fundi alipofungua, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka pembeni kama mshumaa. Ya pili ilikuwa salama. Mzee Shamshudin akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Gladness," akasema, "hii haikufa kwa uzee. Imekufa kwa kiu."

Akawaeleza kwamba chombo hiki kinakunywa maji ya ziwa ili kipoe, na nchi kavu hakina cha kunywa. Hakumtazama Nestory alipokuwa anaeleza. Alimuuliza fundi jambo jingine ambalo hata halikuwa na haja, ili pawe na maneno. Wilhelmina anampenda mzee yule kwa kitendo hicho hadi leo. Pistoni na vifaa vyake vingeweza kuagizwa Jinja, akasema, ana jamaa yake kule. Si bei ndogo. Na mwenye chombo akae afikiri, maana kuna chombo ukikitengeneza kinakushukuru na kuna kingine kinakudai tena.

Walipofika nyumbani Nestory aliegesha tela uani, akaweka mawe chini ya matairi kama anavyofanya siku zote, akasimama.

"Ng'ombe walikuwa wako," akasema. "Nimeiua mimi. Ukiuza sitauliza, ukitengeneza sitauliza. Amua wewe."

Akaenda kukalia kile kiti cha mlangoni.

Sasa nisikilize jinsi mwanamke huyu alivyolibeba jambo lile. Hakwenda kuuliza majirani, maana alijua watakachosema. Hakumlaumu mumewe, wala hakumbembeleza, kwa kuwa mtu mzima aliyekosea kwa uangalifu wake akibembelezwa anazidi kuumia. Alifanya kazi zake, na huku anafua, huku anachambua dagaa, alikuwa anaipima habari ile. Akiuza, angepata mashine ya kusaga, na wanawake wa mtaa waliokuwa wanabeba mahindi hadi Mkuyuni wangesaga kwake. Hiyo ilikuwa riziki ya uhakika. Ila mume wake angebaki mlangoni anasikiliza magari, na safari hii asingeinuka tena. Akitengeneza, mume angeinuka. Lakini injini ikifa mara ya pili hapakuwa na ng'ombe wengine, na Nestory alikuwa na mazoea ya maisha yake yote mikononi. Ungemwambia asiiwashe uani, angekubali kwa mdomo, na asubuhi moja akiwa na haraka mkono ungekwenda wenyewe.

Mnunuzi alipatikana kabla hajatafutwa. Karan, kijana wa Kihindi ambaye wazazi wake wana duka mjini tangu enzi za babu yake, alikuwa anajenga hoteli ndogo kando ya ziwa. Akaja kuiona. Aliizunguka, akapiga magoti akachungulia chini, akagonga chuma kwa kidole. Akataja bei ambayo haikuwa ya kudharau, akasema atarudi na gari Alhamisi kusikia jibu. Wilhelmina alimsindikiza hadi njiani, na alipokuwa anarudi uani tayari alikuwa ameisikia mashine ya kusaga inalia kichwani mwake. Alikuwa anauza. Aliniambia hivyo bila kuficha.

Alhamisi asubuhi akaja Venant, kijana wa mtaani, anapiga hodi huku tayari ameshaingia. Baba yake, Mzee Ngosha, amefariki alfajiri. Maziko ni kesho. Dada yake mkubwa, Kija, ameolewa ng'ambo, na Kija ndiye mzaliwa wa kwanza. Katika nyumba ile mzaliwa wa kwanza ndiye anayetia udongo kaburini kabla ya wengine, na marehemu alikuwa amelisema hilo akiwa na akili zake timamu. Kivuko kimezingirwa na magugu tangu jana. Venant alisema yote hayo kwa pumzi moja, kisha akaiona pikipiki juu ya tela, tumbo wazi, akakumbuka. Akaanza kuomba radhi.

Nestory akainuka kwenye kiti. Akaingia ndani, akatoka na kofia.

"Jirani ana mtumbwi," akamwambia Venant. "Wewe unajua kupiga kasia?"

"Najua kidogo, baba."

"Mimi sijui kabisa. Twende."

Wilhelmina aliwafuata hadi ufukoni. Aliwaona wakiingia kwenye magugu, Venant mbele anayasukuma kwa kasia, Nestory nyuma analipiga lake kama mtu anayekoroga ugali wa msiba, mtumbwi unageuka kushoto, unageuka kulia, unasogea. Mwanamume mwenye mvi ambaye maisha yake yote injini ilimfanyia kazi ya mikono. Wanawake waliokuwa wanafua wakacheka, na mmoja akamuuliza Wilhelmina kama mume wake anakwenda au anarudi. Wilhelmina naye akacheka. Kisha akaendelea kutazama mpaka mtumbwi ukawa kama punje, na aliniambia kwamba kwa muda wote wa ndoa yao hajawahi kumwona mume wake akiwa mzuri vile.

Alirudi nyumbani, na hakukaa. Alifagia uani kulizunguka tela. Akasimama akalitazama. Akainama akatazama chini yake, mahali ambapo mchanga ulikuwa umebadilika rangi kwa moshi wa kila asubuhi. Karan alimkuta pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Karan. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anasema karanga ulizomuuzia zilikuwa na mchanga."

"Mwambie Champaben ni meno yake yanaanza kulegea. Karanga zangu nazijua."

Karan akacheka, akasema hilo hatalifikisha, anataka kula chakula cha jioni kwao. Akauliza mzee yuko wapi. Wilhelmina akaelekeza kidevu ziwani.

"Kwa kivuko? Si kimekwama?"

"Kwa kasia."

Kijana akatazama maji, akatazama pikipiki, akatikisa kichwa. Gari lake lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, tayari kwa kuvuta. Wilhelmina akamuuliza, kwa upole tu, kama mtu anayetaka kujua bei ya nyanya: akiinunua na kuitengeneza, pikipiki hii ataifanyia nini?

"Ni ya wageni, mama. Jumapili watazunguka nayo pale mbele ya hoteli."

"Wazunguke waende wapi?"

"Hawaendi mahali. Wanazunguka, wanarudi, anapanda mwingine. Ndiyo raha yake."

Wilhelmina hakuona ubaya katika raha za watu, na Karan alikuwa kijana wa heshima. Lakini alijiona anamtafuta yule mtu kwenye mtumbwi, kule mbali, ambaye hakuwa amezunguka hata siku moja.

"Pikipiki siuzi, mwanangu."

Karan akadhani ni biashara, akaongeza bei. Akaongeza tena. Wilhelmina akamwacha amalize.

"Sipandishi bei, nakuambia tu. Siuzi." Akaweka mkono juu ya chuma. "Ila tela nauza."

"Tela?"

"Siku ile ulipokuja, pikipiki uliitazama ukaridhika. Tela ulilipigia magoti. Ulipima hata ekseli kwa shibiri."

Kijana akatahayari, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Akakiri kwamba boti ya hoteli yake imefika, imelala kwenye yadi kwa kukosa cha kuivutia mpaka ziwani, na kwamba mafundi wa mjini wanataka kumchuna ngozi kwa kumtengenezea tela baya kuliko hili. Wakaelewana bei palepale, na Wilhelmina akamtaka aipeleke fedha mkononi kwa Mzee Shamshudin, iwe ya vile vifaa vya Jinja, isipite kwake ikakutana na mahitaji mengine.

"Na wewe utaiwekaje pikipiki bila tela?" Karan akauliza.

"Majini. Itafungwa kwenye kigingi, kama mbuzi."

Zaidi ya hapo hakumwambia. Hakumwambia kwamba tela ndilo lililokuwa linampa Nestory mahali pakavu pa kuipasha moto, na kwamba bila tela hata mkono ukisahau, miguu itabidi iingie ziwani kwanza. Alilipanga jambo lile hivyo makusudi, mumewe asije akahitaji kukumbushwa na mtu wala kuchungwa ndani ya nyumba yake. Kosa la mtu huyu lilijulikana na wanne tu duniani, na yeye hakutaka kumwongeza wa tano. Mimi alinieleza miaka baadaye, injini ikiwa imeshafanya kazi na kupata sifa za kutosha, na hata hivyo alishusha sauti.

Karan na vijana wake wakaiinua pikipiki, wakailaza juu ya matairi makuukuu kivulini, wakaondoka na tela linarukaruka nyuma ya gari.

Kesho yake, jua limepanda, mtumbwi ukaonekana. Kija alikuwa amekaa katikati, kitenge kichwani, anapiga kasia la tatu, na alikuwa analipiga vizuri kuliko wanaume wote wawili. Walifika na muda wa kutosha. Kija aliosha miguu, akaingia kumwona baba yake, na alasiri udongo wa kwanza ulitoka mkononi mwake, kama mzee alivyotaka. Wilhelmina alikuwa miongoni mwa wanawake waliopika. Aliwasikia watu wa ng'ambo, wale wachache waliokuja na mitumbwi mingine, wakiulizana Mwenye Kofia ameugua nini hata akaja na kasia, na wakiambiana kwamba akiwa na injini au hana, anakuja tu.

Walirudi nyumbani wao wawili kabla jua halijazama. Nestory alikuwa anatembea mikono ameiachanisha na mwili, haitaki kugusa kitu. Alipoingia uani akasimama. Aliona pikipiki juu ya matairi. Akatafuta tela kwa macho, nyuma ya nyumba, kando ya choo. Lakini alikuwa ameahidi kutouliza, na hakuuliza.

Wilhelmina akamwingiza sebuleni, akamkalisha kwenye mkeka, akaleta maji ya vuguvugu na chumvi, akamwosha viganja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, mengine yamepasuka mara ya pili. Alikuwa anaosha taratibu, na huku anaosha akamweleza: tela limeuzwa, vifaa vinakuja kutoka Jinja, pikipiki italala majini.

Nestory alilielewa lote, hata lile ambalo halikusemwa. Wilhelmina alijua kwa sababu vidole vyake, pamoja na maumivu, viliufumbata mkono wa mkewe.

"Ungeuza, ungepata mashine ya kusaga," akasema Nestory. "Nilijua unaitaka."

"Bado naitaka. Utanibebea watu mpaka niipate."

"Na ikifa tena, Mama Gladness?"

"Ikifa tena nitakununulia mtumbwi wako mwenyewe. Wa jirani unavuja."

Akacheka, cheko fupi la mtu aliyechoka, akasema kasia lake lilikuwa na kasoro, na kwamba Venant alikuwa anavuta upande mmoja tu. Akaanza kueleza jinsi magugu yalivyowageuza katikati ya ghuba, jinsi alivyomwambia Venant wakate kwa pembeni badala ya kuyakabili, na jinsi Kija alivyotoka shambani na jembe begani. Hapo sentensi ikakatika. Wilhelmina alipotazama, alikuwa amelala akiwa amekaa, mikono yake ikiwa ndani ya beseni.

Akaitoa mmoja mmoja, akaikausha, akaipaka samli. Akamlaza kwenye mkeka palepale sebuleni, maana kumpandisha kitandani kungemwamsha. Akamwaga maji nje, akafunga kuku, akatia kisiki jikoni moto usizimike kabisa. Nje bado kulikuwa na mwanga, na wanawake wa mtaa walikuwa wanapita na madebe ya mahindi wakitoka Mkuyuni kusaga, wanazungumza. Mmoja akamwita kwa jina. Hakuitika. Alikuwa ameshajinyoosha kando ya mumewe, kanga usoni, akisema moyoni kwamba atapumzika kidogo tu kabla ya kusonga ugali, na ugali ule haukusongwa.